Kaka Yetu Kifungu, Aliyehukumiwa kwa Maneno Yake Mwenyewe

Jina lake kamili mnaliona kwenye jalada la ratiba hii, chini ya picha. Lakini nyumbani, kazini na huko kwenye mtandao alikomalizia nusu ya maisha yake, aliitwa Kifungu, na aliitika kwa jina hilo haraka kuliko lile la kuzaliwa. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike, mshonaji, kwa niaba ya mama, mke na watoto. Tulishauriwa tuandike kwa upole. Tumejaribu. Pale tuliposhindwa, Mungu atusamehe.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 17 Februari 1973, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yetu alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana hiyo. Mama anasema alijifungua king'ora cha kubadilisha zamu kikilia, na kwamba king'ora kilinyamaza kabla ya mtoto. Baba alipoingia na ovaroli lake la kazi alimtazama akasema, "Huyu hatakubali mtu mwingine awe wa mwisho kusema." Lilikuwa neno la utani. Mama amelirudia mara nyingi wiki hii, na halimchekeshi tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1980, akamaliza mwaka 1986. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio ya baba aliifungua akiwa na miaka tisa, na akaifunga ikabakiza skrubu mbili mkononi lakini ikiimba vizuri kuliko mwanzo. Baba alizihifadhi skrubu hizo kwenye kibweta cha kiberiti hadi alipofariki, na kila mgeni alionyeshwa.

Elimu ya sekondari aliipata kati ya mwaka 1987 na 1990. Akiwa kidato cha pili alisimama darasani akamwambia mwalimu wa hisabati, "Mwalimu, hesabu hii haina jibu."

"Kila hesabu ina jibu," mwalimu akasema. "Wewe ndiye huna."

Alichapwa, akasimamishwa nje kwenye jua kipindi kizima. Siku mbili baadaye mwalimu huyo alifika nyumbani kwa baiskeli, akakataa kuketi. "Mzee," alimwambia baba, "mtoto wako alikuwa sahihi. Nimeijaribu mwenyewe hadi chaki imeisha. Ila mwambie asiwe sahihi kwa sauti kubwa namna ile." Baba alimwita marehemu akampa ujumbe huo. Tunaamini hilo ndilo somo pekee ambalo kaka yetu hakulifaulu maisha yake yote.

Baada ya sekondari alisomea ufundi wa redio kwa miaka miwili, kisha kompyuta, akapata stashahada mwaka 1997. Tarehe 1 Septemba 1998 aliajiriwa kuwa fundi wa kompyuta katika hospitali kubwa ya umma, kwenye masjala, yaani chumba cha mafaili ya wagonjwa. Wengi wenu mnakijua chumba hicho: dirisha lenye nondo ambapo wagonjwa hupanga foleni, kaunta iliyochakaa kwa viwiko, rafu hadi darini, na ukutani saa inayotangulia dakika saba ambayo hakuna aliyewahi kuirekebisha. Alipoingia palikuwa na kompyuta mbili. Alipotolewa zilikuwa arobaini na moja, na kila moja aliipa uhai kwa mikono yake.

Tarehe 8 Novemba 2003 alifunga ndoa na mke wake, mwalimu wa shule ya msingi. Walikutana kompyuta pekee ya shule ilipoharibika. Mwalimu alimuuliza tatizo ni nini, naye akaanza kumweleza tangu kompyuta zilipovumbuliwa. Wifi alisinzia juu ya madaftari ya wanafunzi. Alipoamka alikuta mashine inafanya kazi, koti la fundi limemfunika mabegani, na fundi bado anaeleza. "Nilimpenda kwa lile koti," wifi husema. "Maelezo niliyavumilia." Mungu aliwabariki watoto wawili, binti mwaka 2004 na mvulana mwaka 2009.

Sasa tufike kwenye lile jukwaa, maana hatuwezi kumzika Kifungu bila kulitaja.

Mwaka 2006 alijiunga na jukwaa la mtandaoni ambako mafundi wa kompyuta, wanasheria na watu wenye muda walibishana. Walibishana juu ya mifumo ya kuendeshea kompyuta: upande mmoja mfumo huria, ambao ni wa bure na fundi yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha, na upande mwingine mfumo wa leseni, unaolipiwa na usioruhusiwa kuguswa ndani. Walibishana pia juu ya sheria na sera, nani aruhusiwe kuona taarifa za nani. Kaka yetu alikuwa wa mfumo huria kama watu wengine walivyo wa dini. Kila hoja aliimaliza kwa kutaja kifungu cha sheria, ndipo akapewa hilo jina.

Mpinzani wake mkuu alijiita Mzee wa Leseni. Alikuwa mwanasheria, na kwa miaka kumi na tano hawakukubaliana hata juu ya salamu.

"Kifungu, huo mfumo wako wa bure ni sawa na kumpa mtu shamba bila jembe," aliandika Mzee wa Leseni. "Asante sana, lakini watu wana njaa leo."

"Na wako ni nyumba ya kupanga, Wakili," marehemu akajibu. "Mwenye nyumba anabadilisha kitasa ukiwa kazini, halafu anakuandikia kuwa wewe ni mpangaji wetu mpendwa."

Alitusomea majibu hayo mezani, chakula kikipoa. Wifi alimuuliza, "Baba watoto, huyu mtu anaishi hapa? Mbona anakula na sisi kila siku?" Marehemu alicheka, akarudi kwenye kibodi. Tuliomjua tunasema ukweli mbele ya Mungu: Jumapili nyingi mchana watoto wake walicheza na mgongo wake. Siku binti yake alipopokea zawadi ya darasa la saba, mwaka 2017, baba yake alituahidi angefika baada ya dakika kumi, amalize kujibu hoja moja. Alifika viti vikiwa vinakusanywa. Binti amemsamehe. Ametuomba tuliandike hilo kwa sababu baba yake hakupenda kitu kifutwe.

Kazini mambo yalikuwa mazuri. Mwaka 2010 leseni za hospitali ziliisha na kompyuta zikawa kuukuu, naye akazihamishia zote kwenye mfumo huria kwa majuma matatu. Makarani sita wa masjala walimnunia.

"Kifungu, kile kialama changu cha kuchapisha umekipeleka wapi?"

"Kipo palepale, mama, kimehamia upande wa kushoto tu."

"Basi na mimi nihamishe."

Wakazoea. Lakini mfumo ule alikuwa ameufunga kwa ukali, na karani akikosea neno lake la siri mara tatu kompyuta ilimfungia nje hadi fundi aje. Asubuhi ya foleni, fundi akiwa wodi ya mbali na waya mdomoni, wagonjwa walisimama dirishani wakiugulia. Hilo halikumpendeza. Kwa hiyo aliandika neno la siri la akaunti yake mwenyewe, akaunti ya fundi inayofungua kila faili, kwenye kipande cha plasta ya vidonda, akakibandika ndani ya droo ya mihuri. Aliwaambia wale sita, "Mkifungiwa nje tumieni hili. Mgonjwa asisubiri kwa sababu yangu." Plasta hiyo ilikaa humo miaka kumi na moja. Ilibadilishwa mara mbili ilipochakaa.

Mwaka 2016 ulitangazwa muswada wa sheria ya taarifa za wagonjwa, na wananchi wakaalikwa kutoa maoni. Marehemu aliona kwamba muswada ule ungemruhusu mkubwa yeyote kuchungulia faili la mtu na kufuta alama zake. Alichukua likizo yake yote ya mwaka huo akaandika maoni. Alitaka kila kompyuta ya hospitali iwe na daftari inaloliandika yenyewe: faili gani limefunguliwa, kwa jina la nani, saa ngapi. Alipeleka kwanza rasimu yake jukwaani. Mzee wa Leseni aliisoma na kwa mara ya kwanza akasema ni kazi njema, ila ina tundu.

"Daftari lako litaniambia jina lililotumika, halitaniambia mkono wa nani," aliandika. "Ongeza na mashine iliyotumika. Tujue mtu alikuwa amekaa wapi."

Marehemu alikataa katakata. "Kumwandika karani amekaa kiti gani kila dakika ni kumfanya mfungwa," alijibu. "Nataka kumlinda mgonjwa, sitaki kumchunga mfanyakazi." Walibishana juu ya hilo tundu miezi saba. Watu mia kadhaa walifuata. Mwishoni upande wa Kifungu ulipigiwa kura nyingi pale jukwaani, Mzee wa Leseni akachekwa, na maoni yakapelekwa bila mashine.

Sheria ilipita mwaka 2017. Katika kifungu cha thelathini na moja yamo maneno kumi na moja ambayo ni yake, hayakubadilishwa hata herufi: Kila anayefungua faili la mgonjwa aandikwe, na aliyeandikwa asifutwe na yeyote. Hakuna aliyemwandikia kumshukuru. Aliuchapisha ukurasa ule akaubandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, na wifi anasema alikuwa akichelewa kuchagua shati.

Jumanne, tarehe 9 Machi 2021, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mtu alifungua faili la mfanyabiashara mmoja anayefahamika aliyekuwa amelazwa. Kufika saa nane ugonjwa wake ulikuwa kwenye simu za mji mzima. Hospitali ilisoma daftari la mashine. Daftari lilisema faili limefunguliwa kwa jina la fundi wa kompyuta.

Saa hiyo marehemu alikuwa wodi ya wazazi, amelala chini ya meza akivuta waya. Muuguzi wa zamu alikwenda kusema hivyo mbele ya kamati ya nidhamu, na tunamshukuru. Wajumbe walimjibu kwamba akaunti ya fundi inafunguka kutoka mashine yoyote, hata hiyo iliyokuwa juu ya kichwa chake, na daftari haliandiki mashine. Alipoeleza habari ya plasta, mwanasheria wa hospitali akatoa bahasha. Walikuwa wamechapisha maandishi yake ya jukwaani, kurasa mia mbili na kumi. Akasoma moja la mwaka 2013, siku ambayo kaka yetu alikuwa akimkemea fundi wa kampuni fulani: "Anayemwazima mwenzake neno la siri amemwazima na hatia. Asije kulia baadaye."

"Haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini. Mumewe alipotoka alimuuliza wamesema nini. Alijibu, "Hawajasema kitu. Wamenisoma mimi." Aliachishwa kazi Ijumaa, tarehe 28 Mei 2021, baada ya miaka ishirini na miwili na miezi minane. Kwenye barua kulikuwa na mstari huu: ameachishwa kwa kuvujisha siri za mgonjwa. Tangu siku hiyo hadi kifo chake alitaka jambo moja tu, mstari ule uondolewe. Hakuomba arudishwe, wala hakuomba fidia.

Mtu wa kuuondoa alikuwepo. Makarani walikuwa sita na mmoja wao ndiye aliyefungua droo asubuhi ile. Marehemu alimjua. Alijua kwa namna mafundi wanavyojua, nani alikuwa zamu, nani alikosea neno lake mara tatu saa tano na robo. Hakumtaja. Mzee wa Leseni ndiye aliyejaribu zaidi kumbembeleza. Alisafiri akaja nyumbani mwezi Juni, na ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana. Wifi alitegemea jitu. Aliingia mzee mfupi mwenye mfuko wa plastiki uliojaa vitabu vya sheria, akivuta mguu mmoja.

"Ndiye wewe?" marehemu akauliza.

"Ndiye mimi. Na wewe mbona mwembamba, Kifungu? Nilidhani hoja zina uzito."

Wakacheka, wakashikana mikono muda mrefu. Kisha mzee akaketi akasema, "Nitakutetea bila malipo. Nipe jina moja tu."

"Nikikupa jina, nimeweka neno langu juu ya daftari. Kesho kila mwizi atakayekutwa kwenye daftari atamtaja karani."

"Lakini wewe si mwizi."

"Sheria haijui hilo, Wakili. Mimi mwenyewe niliiandika isijue."

"Ndugu yangu," mzee akasema polepole, "nilikuambia hivyo miezi saba mfululizo. Ukanicheka mbele za watu."

"Najua. Ulikuwa sahihi."

Wengi pale jukwaani waliosubiri miaka kumi na mitano kusikia maneno hayo hawakuwepo sebuleni siku ile. Tunayaandika wayaone. Mzee wa Leseni alikata rufaa bila jina, na mwezi Februari 2022 rufaa ikatupwa.

Sisi wa nyumbani tulimkasirikia. Tusijifanye leo. Mimi mdogo wake nilimwambia usoni, "Kaka, unawalinda watu wasiokujali. Una watoto." Alinijibu, "Na yule naye ana watoto, mdogo wangu." Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema chai imepoa. Nilitoka bila kuaga, na hatukuzungumza miezi minne. Hiyo miezi minne naitaka irudi, nayo haitarudi.

Alifungua meza ya kutengeneza kompyuta sebuleni. Wateja walikuja, lakini kila alipoomba kazi ya ajira ule mstari ulimtangulia mlangoni. Binti yake alipokwenda hospitali ile kuomba nafasi ya mafunzo ya maabara, aliulizwa, "Wewe si binti wa yule?" Akarudi nyumbani, akasema nafasi zimejaa. Baba yake aliusoma uso wake kama alivyosoma kila kitu. Na jukwaani walewale waliompigia kura walimfanya kichekesho. Waliandika amenaswa na kifungu chake. Mmoja alichora panya ameshika mtego anausifia. Alijibu kila mmoja, kwa adabu, na vifungu. Tulimwomba aache. Alisema akinyamaza watadhani amekubali.

Shinikizo la damu liligunduliwa mwaka 2019, akawa anameza dawa akikumbuka. Mwezi Oktoba 2023 tuliambiwa figo zimechoka. Mashine ya kusafisha damu iliyo karibu ni moja tu, na iko katika hospitali ileile. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki kaka yetu alipita kwenye lile dirisha lenye nondo, akapanga foleni kama mtu mwingine, akataja jina lake kwa watu aliowafundisha kushika kompyuta. Wengine walimsalimia. Wengine walipata ghafla kitu cha kutafuta chini ya meza. Siku moja mashine ya dirishani iliganda, karani akawa anaipiga ubavuni. Marehemu, mirija mkononi, aliinama kwenye nondo akasema, "Bonyeza vile vitufe viwili pamoja, mama, hesabu tatu, achia." Ikawaka. Karani alisema ahsante bila kuinua macho.

Tarehe 7 Agosti 2024 alilazwa. Jumatatu ya tarehe 12 alimwambia mke wake, "Nenda masjala uniombee orodha ya waliofungua faili langu. Ni haki yangu. Kifungu cha thelathini na moja." Tulidhani ni homa. Wifi alikwenda, wakamzungusha, akakaa kwenye kaunta hadi wakaitoa, Jumanne saa saba mchana. Karatasi ilikuwa na majina ya madaktari na wauguzi, kama inavyostahili. Katikati yao lilikuwemo jina la karani mmoja wa masjala, mmoja wa wale sita. Lilikuwa limefungua faili lake kila siku tangu alipolazwa, siku saba, bila kubadilisha chochote. Limefungua, limesoma, limefunga.

Mimi nilikuwepo. Kaka aliisoma orodha mara mbili, kidole kikifuata mistari. Nikamwambia, "Ni huyu, si ndiyo?"

"Hapa pameandikwa nani alifungua," akasema. "Hapakuandikwa kwa nini. Na huenda naye ameazimisha plasta."

"Kaka, unakufa."

"Ndiyo maana nataka niwe makini."

Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mto. Baadaye alisema, kama mtu anayezungumza na dirisha, "Angekuja tu mwenyewe. Ni ngazi moja kutoka masjala hadi hapa. Ningemwambia akae." Hakuna aliyekuja. Labda mtu huyo alikuwa akiangalia kama atapona. Labda alikuwa akiangalia kama atakufa. Mungu peke yake ndiye mwenye daftari linaloandika sababu.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 15 Agosti 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja. Mke wake alikuwa ameshika mkono mmoja, na mama yetu ameshika wa pili. Hakusema neno la mwisho. Baba yetu angeshangaa.

Tumepokea salamu nyingi. Jukwaani ndani ya siku moja waliandika watu mia tatu na arobaini. Wanamwita mwalimu wetu, nguzo yetu. Yule mchoraji wa panya ameweka picha ya mshumaa. Tunawashukuru, na tungewashukuru zaidi miaka mitatu iliyopita. Hospitali imetuma shada la maua, lile jeupe mnaloliona, pamoja na barua inayosema alitumikia kwa uaminifu. Tunayo pia ile barua nyingine ya hospitali hiyohiyo. Tunaomba uongozi uchague moja kati ya hizo mbili, kisha utuandikie. Anwani ni ileile. Masjala nao wameleta kadi. Imesainiwa na watu sita, miandiko sita, na wote wamemwombea heri.

Ameacha mama mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na nane. Ameacha mke na watoto wawili, binti aliye chuoni na mvulana aliye kidato cha tatu. Ameacha dada mkubwa, mimi mdogo wake, na kitinda mimba wetu aliyefika jana. Ameacha pia Mzee wa Leseni, aliye katika mstari wa mbele pamoja na familia kwa sababu wifi amesema huko ndiko kwake. Ile karatasi ya chini ya mto anayo mke wake. Jina lililomo halitasomwa hapa, wala kwingine. Yeye hakulisema, na sisi hatutajifanya tunamjua Mungu kuliko yeye.

Katika ratiba mliyo nayo, baada ya wasifu huu na kabla ya mahubiri, mtaona pameandikwa dakika tano na mbele yake hapana jina. Mchapaji alitupigia simu akidhani tumesahau. Hatukusahau. Dakika hizo ni za mtu mmoja mwenye neno la kusema juu ya asubuhi ya tarehe 9 Machi. Kipaza sauti kitakuwa wazi. Hatutamuuliza kitu, hatutamfuata, na mwanasheria pekee aliyepo hapa ameahidi kuketi. Kama hatajitokeza mtu, tutakaa kimya hadi dakika ziishe, kisha tutaimba. Kaka yetu alisubiri miaka mitatu. Sisi tutasubiri hizo tano.

Lala, Kifungu. Hakuna wa kukujibu tena, na huna wa kumjibu. Mungu akupe amani ambayo mwanadamu hawezi kuifuta.